Mtani Asiye na Bima

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi nilipoanza kushuka mteremko wa Misugusugu, lori limejaa nazi za Kisarawe. Saa naijua kwa hakika, kwa maana kila nilipofika juu ya mteremko ule nilikuwa na desturi ya kuitazama, nipate kujua kama injini imepanda vizuri au imeanza kuchoka. Siku ile ilikuwa imepanda vizuri. Mbele yangu lilikuwa likija gari dogo la bwana mmoja wa mashamba ya mkonge, na nyuma yake vumbi jekundu limesimama kama ukuta. Gari dogo likanipita. Nikaingia katika vumbi lake. Ndani ya vumbi lile kulikuwa na lori jingine, nalo lilikuwa upande wangu wa barabara.

Ninyi vijana mnaoendesha siku hizi juu ya lami hamjui vumbi lile lilikuwa nini. Barabara ya kwenda Morogoro wakati wa Mwingereza ilikuwa udongo mwekundu, na kiangazi gari moja likipita, hewa haisafiki mpaka umalize kujifuta macho. Kanuni yetu ilikuwa fupi: vumbi likikufunika, punguza mwendo, bana kushoto, usiende mpaka uone tena vichaka vya upande wa pili. Nilikuwa nimekwisha kupunguza, na ndiyo sababu naandika haya. Yule wa lori la pili alikuwa akilifuata gari dogo. Upepo ulikuwa ukimletea vumbi kushoto kwake, akahamia kulia ili aone njia. Aliona njia. Halafu akaniona mimi.

Nilipofungua macho nilikuwa bado nimeshika usukani, goti la kulia limebanwa. Rejeta ilikuwa imeingia ndani ya injini, maji yanachemka chini. Ubao wa mbele wa bodi ulikuwa umekatika, na nazi zilikuwa zinateremka barabarani moja moja, kisha kumi kumi, kisha zote. Zilikwenda mbali sana. Wanawake waliokuwa wakitoka shamba walisimama wakazitazama zikipita, halafu mmoja akacheka, na kwa kweli ilikuwa kitu cha kuchekesha kama hukuwa dereva.

Mwenye lori lile lingine alishuka akichechemea. Lake lilikuwa lori la jeshi lililouzwa baada ya vita, chuma kitupu. Taa zimevunjika, bampa imepinda, basi. Alikuwa mtu mfupi, mweusi, kofia mkononi. Alinitazama, akatazama nazi, akauliza:

"Umeumia?"

"Goti."

"Wewe kabila gani?"

Watu wa mbali wangeshangaa swali lile mahali pale. Mimi sikushangaa. Nikamjibu kwamba mimi Mzaramo, mtu wa Kisarawe. Akashusha pumzi ndefu, akavaa kofia yake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mimi Mnyamwezi. Sasa Mzaramo, nazi hizi umeziiba shamba la nani hata ukakimbia nazo namna hii?"

Nami, goti linaniuma na lori limekufa, nikamjibu kama mtani anavyojibiwa: "Na wewe mpagazi, nani kakwambia ukae ndani ya gari? Babu zako walibeba mizigo kichwani, na hawakumgonga mtu."

Watu wakacheka. Naye akaokota nazi mbili katika zile zilizokuwa njiani, akazitia ndani ya lori lake bila kuomba, kwa maana ni haki ya mtani. Jina lake lilikuwa Shabani. Alikuwa mtu wa upande wa Tabora, na lori lile lilikuwa lake mwenyewe.

Yafaa niwaeleze utani ule, maana naona vijana wa leo mnaujua kwa kutukanana tu. Kati yetu na Wanyamwezi ulikuwa sheria. Mtani huchukua kitu chako, humkasirikii. Hukutukana msibani, huchoma moyo, nawe hucheka. Ukifa, yeye ndiye anayeshughulika na kaburi lako. Na jambo moja lilikuwa kubwa kuliko yote hayo: mtani hakushtaki, wala wewe humshtaki. Hapakuwa na mzee wa Kisarawe aliyehitaji kufundishwa hilo.

Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kazi na mtu mwingine kabisa. Mzee Mwinyimvua, aliyenipa leseni yangu kwa jasho lake, alianza udereva wakati magari ya bara yanahesabika kwa vidole. Yeye aliwahi kugongwa njia ya Pugu, na kwa adabu akalisogeza gari lake ili bwana mmoja wa Kizungu apite. Bwana akapita, akashukuru kwa mkono. Askari alipofika alama za magurudumu zilikuwa zimefutika, na Mzee Mwinyimvua akafungwa kwa kosa la mwingine. Tangu hapo alimfundisha kila mwanafunzi wake maneno yaleyale: "Gari likigongana, usisogeze hata ukucha mpaka umepima. Hata akija Gavana, mwambie azunguke porini."

Kwa hiyo wakati watu wanasaidia kuokota nazi, mimi nilifungua kamba ya kufungia mzigo, nikapima. Kutoka gurudumu langu mpaka ukingo wa barabara, kutoka gurudumu la Shabani mpaka ukingo wake, na urefu wa alama za breki zangu. Kila kipimo nikakifunga fundo. Shabani alinishikia upande wa pili wa kamba.

"Mzaramo, unapima kaburi langu?" akauliza.

"Shika vizuri, usilegeze."

Akashika vizuri. Askari alipofika na baiskeli yake kutoka kituoni, alipima tena kwa futi yake, akaona kamba yangu haikosei. Shabani hakubisha neno. Alisema, "Nilikuwa upande wake, afande. Sikuona." Kisha akatoa mfukoni karatasi ya bima, imekunjwa vizuri ndani ya kipande cha ngozi. Askari akaisoma, akatazama tarehe. Ilikuwa haijakwisha. Namba ya gari ilikuwa ileile. Jina lililoandikwa lilikuwa la Mgiriki mmoja mwenye shamba, aliyemwuzia Shabani lori lile pamoja na jeki, spea moja na karatasi ile. Sisi sote watatu tulilisoma jina lile, na hakuna aliyeliona kuwa ni neno. Tulidhani bima ni ya gari, kama ilivyo namba yake.

Nilikwenda kumpa habari mwenye lori nililoendesha nikiwa na moyo mwepesi kiasi.

Mwenye lori alikuwa mwanamke. Bi Tabu binti Kondo alikuwa mjane wa Kisarawe, upande wa Marui, mwembamba, mwenye sauti ya kuamuru. Wazazi wake walimwachia minazi, na kila msimu aliona nazi zake zikiondoka kwa malori ya watu, na faida ikiondoka nazo. Siku moja akaamua naye awe na lori. Ndugu zake walimcheka. Alitoa akiba yake yote, na kilichopungua akakikopa kwa Bwana Salum, mnunuzi wa mbata, akaweka minazi rehani. Akanunua lori kuukuu la shilingi elfu tano na mia mbili, akaja kunitafuta mimi nilikokuwa nikiendesha gari la mtu, akasema, "Ramadhani, mimi sijui gari. Najua nazi. Wewe unajua gari. Njoo." Nikaenda. Nilimwita mama, na alistahili.

Makubaliano yake na Bwana Salum yalikuwa wazi: akilipa kila msimu, anachuma minazi yake, akishindwa msimu mmoja, Bwana Salum anachuma yeye mpaka deni lake liishe. Lori likitembea, minazi ni ya Bi Tabu. Lori likisimama, si yake. Sote wawili tulilijua hilo kila asubuhi nilipopiga hendeli.

Nilimkuta anafua nazi uani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lori liko wapi?"

"Limegongwa, mama. Misugusugu."

Hakuacha kufua. Alipasua kumbi la ile aliyoishika, akaitupa upande, akachukua nyingine. "Limeumia au limekufa?"

"Limeumia sana. Lakini aliyetugonga ana bima. Bima yake inalipa watu na mali."

"Na yetu sisi, ile uliyonilipisha kila mwaka?"

"Yetu inalipa tukimgonga mtu. Tukigongwa sisi, haitulipi."

Akaweka nazi chini. "Yaani nimekuwa nikilipia magari ya wenzangu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema. "Na wao wamekuwa wakinilipia langu. Nenda kachukue."

Nilikwenda mjini Dar es Salaam pamoja na Shabani, kwenye ofisi ya bima. Nilivaa kanzu safi, nimechukua kamba yangu yenye mafundo. Karani alikuwa kijana mpole. Hakuigusa kamba. Alisoma karatasi, akamwuliza Shabani, "Wewe ndiye huyu?"

"Hapana. Huyu aliniuzia gari."

"Ulikuja hapa kubadilisha jina?"

"Kubadilisha jina la nani?"

Karani akatueleza polepole, na kwa heshima, nami namshukuru kwa heshima ile. Bima ilikuwa mapatano kati ya ofisi na yule Mgiriki. Mgiriki alipouza gari, mapatano yalikwisha. Karatasi ile haikuwa na maana tangu siku Shabani alipohesabu pesa. Alikuwa ameendesha kutoka Tabora hadi pwani, masika na kiangazi, bila bima, na karatasi iko mfukoni ndani ya ngozi.

Tulipotoka nje Shabani alisimama kivulini mwa ukuta. Akaitazama ile ngozi. "Mimi nilikuwa naikinga na mvua," akasema.

Sikiliza vizuri hapa, wewe unayenunua gari lililokwisha kutumika. Usitazame tarehe kwanza, tazama jina. Kama jina si lako, huna kitu. Baadaye nilinunua kitabu cha sheria za magari katika duka la vitabu vikuukuu, na kamusi, nikakisoma neno kwa neno kila jioni barazani mpaka nikakielewa. Mimi niliishia darasa la nne. Nilikisoma nikitafuta mlango. Kitabu kile kina vifungu vingi, na nilivipitia vyote, na hakuna kifungu kilichokuwa na mlango kwa mtu kama Bi Tabu.

Kwanza Shabani alipelekwa kwa hakimu kwa kosa la kuendesha bila bima na kuendesha vibaya. Bi Tabu alitaka kwenda. Alivaa kanga mpya. Hakimu alisoma, Shabani akakiri, akatozwa faini. Shabani akatoa pesa kwenye kitambaa, akazihesabu juu ya meza, na nikamwona Bi Tabu amenyanyuka kwenye benchi, amenyoosha mkono.

Nikamgusa. "Mama, kaa."

"Si wanalipa?"

"Hiyo ni faini. Inakwenda serikalini."

"Serikalini?" Alisema kwa sauti ambayo hata askari wa mlangoni aligeuka. "Serikali imegongwa wapi?"

Hakimu akaita kesi nyingine. Na katika miaka yangu yote ya kazi sijasikia swali zuri zaidi ndani ya mahakama. Pesa ambazo Shabani angeweza kutoa, alikuwa amekwisha kuzitoa, na hakuna senti iliyofika Kisarawe.

Ilibaki kumdai mwenyewe. Nikamwonyesha Bi Tabu njia: afungue madai kwenye baraza la liwali, apewe hukumu, na kwa kuwa Shabani hana kitu ila lori, liwali aamuru lori likamatwe, liuzwe. Chuma kile cha jeshi kingetengenezwa kingeuzwa bei ya kutosha kununua injini na chesi ya lori letu. Hesabu ilikuwa inakaa sawa. Bi Tabu akafungua madai.

Habari ikamfikia kaka yake, Mzee Kondo, aliyeitwa kwa jina la baba yao, mwenye kauli katika ukoo wao. Akaja jioni ileile, hakukaa.

"Tabu, nasikia umemshtaki Mnyamwezi."

"Nimemdai. Kanivunjia lori."

"Umemshtaki mtani. Siku ukifa, nani atakuja kukufanyia mambo yako? Huyu Ramadhani na kamba yake?"

"Kaka, minazi ya mama inakwenda kwa Salum."

"Minazi huota. Futa madai."

Hakuyafuta. Lakini nilimwona amenyamaza mpaka magharibi, na ninyi mnaojua wanawake wa aina ile mtaelewa kwamba kunyamaza kwake kulikuwa ni kazi.

Shabani naye alisikia wazee wamekasirika kwa ajili yake, na kwa uungwana akaja Kisarawe kuwaomba radhi. Alikuja na lori lake, amelifunga taa kwa waya, na Wanyamwezi wenzake kadhaa wa mashamba ya mkonge nyuma. Walianza kutukana tangu njia panda. "Wazaramo amkeni, jua limetoka! Mnalima mstari mmoja, mnapiga ngoma siku saba!" Watu walitoka majumbani wanacheka. Mzee Kondo aliwapokea kwa mikono miwili. Bi Tabu akawapikia wali wa nazi.

Shabani aliingia mpaka jikoni kwake, akafunua chungu. "Mke wangu," akamwambia, "chakula gani hiki? Mimi ndiye niliyekusaidia kuvunja nazi zako, na bado unanipunja tui?"

"Kula, mpagazi," akasema Bi Tabu. "Ukishiba utabeba vizuri."

Walipokuwa wanakula Bi Tabu alipita uani kimya, akaenda kwenye lori la Shabani, akachomoa hendeli. Betri ya lori lile ilikuwa imekufa zamani. Bila hendeli haliwaki. Akarudi mbele ya wageni wote, hendeli mkononi kama mwiko, akasema:

"Wanyamwezi, mmekuja na gari zuri. Mimi mtani wenu nimelipenda. Nimelichukua."

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Hata Shabani alicheka mpaka akapaliwa. Lakini mimi niliona macho ya Bi Tabu, na hayakuwa yakicheka. Nikaelewa. Kama mtani hashtakiwi, basi mtani huchukua, na anayechukuliwa haruhusiwi kukasirika. Alikuwa ameupita utani kwa mlango wake mwenyewe, mbele ya kaka yake na mashahidi wote.  Usiku ule hendeli ililala chini ya godoro la Bi Tabu, na lori la Shabani likalala uani, chini ya maembe mabichi.

Nilitazama matairi yake, nikagonga chesi kwa ufunguo wa spana, nikasikiliza. Lilikuwa zima. Kwa mara ya kwanza tangu Misugusugu nilipanga kazi: rejeta kutoka hapa, injini kutoka hapa, chesi yetu inyooshwe. Nilimwambia, "Mama, tutatembea kabla ya msimu."

"Usiseme kwa sauti," akanijibu.

Lakini utani una sheria ya pili, na Wanyamwezi waliijua kama sisi. Kitu kikubwa kilichochukuliwa na mtani hugombolewa. Mwenyewe huja na kitu kidogo, kuku au senti, hukaa mlangoni, hukataa maji na chakula, na mtani hana budi kurudisha. Asiporudisha, si utani tena, ni wizi.

Shabani alirudi na wenzake. Hawakutukana njiani. Walikaa mlangoni mwa Bi Tabu, jogoo mwekundu amefungwa miguu, na shilingi mbili juu ya jani la mgomba. Bi Tabu akatoka, akawatazama.

"Nini hii?"

"Kigombo, bibi yangu," Shabani akasema. Hakumwita mke wangu siku hiyo.

"Lori kwa jogoo?"

"Si lori," Mzee Kondo akaingilia, alikuwa amekwisha kuitwa. "Wewe hukuchukua lori, Tabu. Ulichukua hendeli. Mpe mtu hendeli yake."

"Kaka, hili nikilirudisha sina kitu."

"Ukilizuia huna watu."

 Wanyamwezi hawakumtazama, walitazama chini. Majirani walikuwa wamejaa, na hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtetea. Mimi nilikuwa mwajiriwa wake, mtu wa kando ya ukoo; nilifungua kinywa nikasema kwamba kuna madai kwa liwali na gari lisiondoke kabla ya hukumu. Mzee Kondo akaniambia, "Ramadhani, hapa hatupimi kwa kamba." Bi Tabu akaingia ndani, akatoka na hendeli, akaitia mkononi mwa Shabani. Akamchukua jogoo na zile shilingi mbili.

Shabani alinivuta nyuma ya lori kabla ya kuondoka. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi. "Ndugu yangu, sina kiwanja, sina ng'ombe. Gari hili likiuzwa nitamlipa nini? Likiwa na mimi, nitabeba mizigo, nitamletea kidogo kidogo. Mwambie."

"Mwambie mwenyewe."

"Siwezi kumtazama."

Nataka mjue kwamba hakusema uongo. Alileta shilingi thelathini, kisha ishirini na tano. Baada ya hapo lori lake lilikata ekseli upande wa Magindu wakati wa masika, likabaki porini, watu wakalichuna mpaka likabaki fremu. Nilipomwona tena alikuwa anakata mkonge kwa siku. Tulitaniana kidogo, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, lakini hatukuwa na nguvu za kutosha.

Siku ya madai ilipofika, liwali alikuwa mtu wa pwani, mwenye kuujua utani kuliko kitabu changu. Nilikuwa nimejiandaa. Kamba ninayo, maneno ya askari ninayo, hesabu ya fundi ninayo. Hakuyauliza hata moja.

"Bi Tabu, ni kweli ulilichukua gari la huyu bwana nyumbani kwako?"

"Kweli."

"Ulilichukua kwa wizi?"

"Hasha! Kwa utani."

"Akaja akaligomboa?"

"Akaja."

"Ulipokea?"

Alinitazama mimi. Nilitamani aseme hakupokea, lakini baraza zima lilikuwa limejaa watu waliomwona amembeba jogoo. "Nilipokea," akasema.

"Basi mama, jambo lenu mlilimaliza nyumbani, mbele ya wazee. Sasa wanitaka nilifungue mimi, nilifunge tena?"

Madai yakafutwa. Nje ya baraza nilikaa juu ya jiwe kwa sababu goti lilikuwa linaniuma, na Bi Tabu akasimama karibu yangu, akisubiri nipate nguvu. Hakunilaumu, hakumlaumu Shabani, wala kaka yake. Nimeyapitia mambo haya mara nyingi nikitafuta mtu wa kumbebesha, na kila ninayemshika namkuta amefanya alichopaswa kufanya. Askari alipima sawa. Karani alisema kweli. Hakimu alifuata sheria, liwali alifuata desturi, na Shabani aliikinga karatasi yake na mvua.

Mtaniuliza, basi tufanye nini? Nitawaambia ninachokijua. Kuna bima kubwa inayolipa gari lako mwenyewe hata ukigongwa na asiye na kitu. Ilikuwapo hata wakati ule. Nilimwuliza karani bei yake. Ilikuwa karibu sawa na kile Bi Tabu alichokuwa akimpa Bwana Salum kwa msimu. Angelipa hiyo asingelipa deni, na minazi ingekwenda kwa njia hiyo badala ya ile. Kwa hiyo jina kwenye karatasi litazameni, na vumbini punguzeni mwendo. Zaidi ya hapo sina cha kuwapa, na sitaki kuwadanganya kwamba ninacho.

Bwana Salum alikuja msimu ulipokwisha. Alikuja kwa adabu, akavua viatu, akanywa kahawa, kisha akaingia shambani na wakwezi wake. Aliwahitaji watu wa kufua nazi, na akawa analipa kwa kila nazi mia. Bi Tabu akajifunga kanga, akachukua kifuo chake, akaenda akakaa katika safu ya wafuaji, chini ya minazi ya mama yake, akafua kwa ujira. Alikuwa mwepesi kuliko wote. Mimi nilikuwa napita nikienda kuendesha gari la mtu mwingine, na kila asubuhi nilimwamkia, naye alinijibu bila kuinua uso.

Mabaki ya lori tuliyauza kwa fundi mmoja wa Kibaha: matairi, bodi, difu na vyuma, kwa shilingi mia sita na arobaini, na Bi Tabu akampa Bwana Salum pesa zile zote, zisitoshe. Jioni ile Bi Tabu aliniita uani. Alikuwa amechoka, mikono imechanika kwa makumbi. Akasema, "Ramadhani, wewe una hesabu. Nilitoa elfu tano na mia mbili. Toa za vyuma, toa za Shabani, toa na zile mbili za jogoo. Niambie nimepoteza ngapi, nizijue."

Nilipiga hesabu kichwani, nikaipiga tena, maana sikutaka kukosea mbele yake. Kisha nikamwambia: "Shilingi elfu nne mia tano na tatu, mama."